Miti juu ya paa la ghorofa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayefika juu ya ghorofa na kukuta mti umesimama kati ya matangi ya maji na kamba za nguo hushangaa kwanza, kisha huuliza. Maswali huwa ni yaleyale. Nimeyajibu hapa jinsi yanavyonijia, mengine kwa urefu, mengine kwa mkato. La uzito nimelitanguliza karibu na mwanzo kwa makusudi, maana ukikosea hapo, yaliyobaki hayana kazi.

Hivi mti wa kweli unaweza kuishi juu ya jengo?

Unaweza, na si jambo la jana wala juzi. Mjini Lucca, Italia, kuna mnara wa karne ya 14 uitwao Torre Guinigi, wenye kimo cha mita 45 hivi, na kileleni mwake imesimama mialoni. London, mwaka 1938, duka kubwa la Derry & Toms lilifungua bustani juu ya paa lake ikiwa na makumi ya miti. Vienna kuna jengo la msanii Friedensreich Hundertwasser, lililokamilika mwaka 1985, lenye miti juu ya paa na mingine inayochungulia madirishani. Mwenyewe aliiita miti hiyo wapangaji, akisema kodi yao wanailipa kwa hewa safi. Siku hizi kuna jengo la ACROS huko Fukuoka, Japani, la mwaka 1995, lililovikwa bustani ya ngazi kwa ngazi, na bustani ya Marina Bay Sands, Singapore, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwenye kimo cha ghorofa ya 57. Minara miwili ya Bosco Verticale mjini Milan, ya mwaka 2014, ina miti karibu 800 kwenye baraza zake.

Ila kabla hujaenda kununua mche, kumbuka kwamba majengo hayo ya kisasa yalichorwa yakijua miti inakuja. Lako huenda lilichorwa likijua tangi moja la maji na mtu wa kuanika nguo.

Paa langu litaubeba?

Hili halijibiwi kwa kupiga kisigino kwenye zege na kusema "mbona gumu tu". Ugumu wa zege chini ya mguu haukuambii chochote kuhusu nondo zilizomo ndani, zimewekwa ngapi na kwa nafasi gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Udongo wa kawaida wa shambani ukilowa hufika kilo 1,600 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo. Chukua sanduku la sentimita 60 kila upande, ukubwa ambao watu huuona wa wastani tu. Linaingia lita 216. Lijaze udongo uliolowa wa kilo 1,700 kwa mita ya ujazo, na tayari una kilo 367 zilizokalia eneo la mita ya mraba 0.36. Mahali lilipokaa, sanduku hilo linagandamiza kwa zaidi ya kilo 1,000 kwa mita ya mraba. Sasa linganisha: paa la zege la jengo la makazi, ambalo watu wanaruhusiwa kulipanda, mara nyingi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, mbali na uzito wake lenyewe. Lile ambalo halikukusudiwa kupandwa na watu huwa chini ya hapo.

Sanduku moja si lazima liangushe kitu, kwa kuwa slabu hugawana mzigo na sehemu za jirani. Balaa huja na masanduku kumi yaliyopangwa katikati ya slabu kwa sababu hapo ndipo panapopendeza, miti ikanenepa, halafu ikanyesha. Na mvua nayo ina uzito wake: kila sentimita moja ya maji yaliyotuama ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Mwaka mmoja nilizembea kufagia, majani yakaziba tundu la kutolea maji usiku wa mvua kubwa, na asubuhi nikayakuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Sentimita 10. Hizo ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba ambazo hakuna aliyezipigia hesabu. Paa lilihimili. Mimi ndiye niliyeketi ngazini nikitetemeka.

Kwa hiyo mwite mhandisi wa majengo, si fundi mjuzi wala jirani aliyewahi kujenga. Mpe michoro kama ipo, umuulize mambo matatu: paa linabeba kilo ngapi kwa mita ya mraba, nguzo na boriti zinapita wapi, na nyufa zinazoonekana zina maana gani. Majibu ayaandike.

Mhandisi kaniambia nisizidi kilo 150 kwa mita ya mraba. Basi niache?

Hapana, lakini sahau mti wa kukaa chini yake familia nzima. Chungu cha upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40 kinaingia lita 50. Ukitumia mchanganyiko mwepesi wa udongo, kikilowa pamoja na mti mdogo na chungu chenyewe cha plastiki kitakuwa na kilo 70 hivi. Huyo ni mtu mzima mmoja amesimama. Kipe nafasi ya mita moja ya mraba peke yake na uko ndani ya mipaka. Mti wa kimo cha mita moja na nusu au mbili unaweza kuishi humo ukitunzwa.

Ukitaka mkubwa zaidi, mhandisi atakuonyesha mahali pa kuuweka: juu ya nguzo, au kando ya ukuta unaobeba jengo, ambako mzigo unashuka moja kwa moja hadi kwenye msingi. Mpangilio wa bustani ya juu huamuliwa na nguzo zilizo chini. Macho yatazoea.

Na paa la mabati?

Hapana. Hata chungu kimoja hapana.

Nitumie udongo gani?

Udongo wa shambani uache shambani. Ni mzito, na ndani ya chungu hushikamana baada ya kumwagiliwa mara nyingi, maji yakakataa kupita na mizizi ikakosa hewa. Mboji tupu nayo ni kosa la upande wa pili: inaendelea kuoza, hivyo mwaka hadi mwaka inashuka, na mti unazama nayo hadi shina linafunikwa mahali ambapo halikupaswa kufunikwa.

Mimi huchanganya sehemu mbili za pumisi (lile jiwe jepesi la volkeno lenye vitundu) yenye punje za ukubwa wa punje ya mahindi, sehemu moja ya vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa vizuri ili chumvi itoke, na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Pasipo pumisi, peraiti (punje nyeupe nyepesi za kuchanganyia udongo) au matofali ya kuchoma yaliyopondwa hufaa. Peraiti ina ila yake, maana ni nyepesi mno hadi upepo huipeperusha na maji huielesha, kwa hiyo ifunike kwa kitu kizito kidogo.

Usiniamini mimi kuhusu uzito, pima. Jaza ndoo ya lita 10, lowesha hadi maji yatokeze chini ya ndoo iliyotobolewa, acha yachuruzike, kisha weka kwenye mizani. Ikisoma kilo 11 bila uzito wa ndoo, mchanganyiko wako ni kilo 1,100 kwa mita ya ujazo. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mhandisi.

Jambo moja la kuachana nalo ni kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke vizuri". Maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Husimama juu ya mpaka huo hadi udongo ujae. Unachopata ni eneo bichi lililopanda juu karibu na mizizi, pamoja na uzito wa bure. Tundu lenye kipande cha wavu linatosha.

Kina cha udongo kiwe kiasi gani? Mizizi ya mti si huenda chini kama ulivyo mti kwenda juu?

Picha hiyo ya mti wenye kivuli chake chini ya ardhi imetupotosha sana. Kwa miti mingi, sehemu kubwa ya mizizi huwa kwenye mita moja ya juu ya udongo, na ile myembamba inayonywa maji na chakula hukaa zaidi kwenye sentimita 30 za mwanzo. Mizizi hutafuta upana. Ndiyo maana sanduku pana lenye kina cha wastani ni bora kuliko pipa refu jembamba, na kwa bahati njema ni bora kwa paa pia kwa sababu linatandaza uzito.

Kwa mti mdogo wa chunguni, sentimita 40 zinatosha. Kwa mti mdogo uliopandwa kwenye kitalu kilichojengwa juu ya paa, anza na 60. Mti wa kati unataka karibu mita moja, na hapo tunazungumzia jengo lililopangwa hivyo tangu mwanzo.

Nipande mti gani?

Swali hili ndilo watu hulianza, na mimi hulichelewesha. Ukishajua kilo na kina, orodha yenyewe inajipunguza.

Paa ni nchi nyingine. Linapigwa na jua kutoka juu, tena joto linarudi kutoka kwenye zege, na upepo hauna kizuizi. Tafuta miti ambayo kwao ni miamba, pwani au nyika. Mkomamanga ni wa kwanza kwangu: unavumilia ukavu na chumvi, haukui ovyo, na ukipogolewa haunung'uniki. Mzeituni una majani madogo magumu yanayostahimili upepo, ingawa kuzaa kwake hutaka majira ya baridi kidogo. Mtini wa matunda una tabia ya ajabu, kwani mizizi yake ikibanwa huzaa vizuri kuliko ikiachwa huru. Mndimu na mlimau hufanya vyema chunguni mradi usiache zikauke. Mpera ni mvumilivu, lakini bila mkasi utakuwa kichaka. Sehemu zenye baridi kali, mtufaha uliobebeshwa (yaani kitawi chake kimeunganishwa) juu ya shina la kudumaza la aina ya M27 hauzidi mita mbili hivi. Ule wa M9 ni mkubwa kiasi, na utahitaji nguzo ya kuuegemeza maisha yake yote kwa sababu mizizi yake ni dhaifu.

Mti wa matunda uchukue uliobebeshwa, si ulioota kutoka kwenye kokwa. Wa kokwa utakusumbua mara mbili: utachelewa kuzaa, na utataka kuwa mkubwa kama mama yake.

Nisiyoishauri? Mparachichi, kwa kuwa unachukia chumvi, upepo na maji yaliyotuama, yaani kila kitu ambacho paa linacho. Mpapai una shina laini na kichwa kizito. Mlonge unakua haraka, ni kweli, ila matawi yake huvunjika kirahisi, na tawi linaloanguka kutoka ghorofa ya tano si tawi tena, ni kombora. Mkaratusi usiutaje. Mianzi nayo, ingawa si miti, huulizwa sana: vichipukizi vyake vya chini vina ncha zinazotoboa tabaka la kuzuia maji.

Kitu kingine ni umri. Mche unaofika kiunoni utazoea upepo wa juu na kunenepesha shina kufuatana nao. Mti uliokwisha kukua mahali pa utulivu, ukaletwa juu kwa winchi, utatumia miaka ukijaribu tu kubaki hai. Kabla ya kununua, uchomoe mche kwenye chombo chake utazame mizizi. Ikiwa imejizungushazungusha kama kamba, rudisha.

Mizizi haitapasua zege?

Zege zima haipasui. Mzizi hufuata maji na hewa, na ukikuta ufa uliokwisha kuwepo huingia, kisha hunenepa ukiwa humo. Kinachoumia kwanza ni tabaka la kuzuia maji, hasa la lami, ambalo mizizi mingi hupenya. Kwa hiyo, kama unajenga kitalu juu ya paa badala ya kutumia vyungu, mpangilio kutoka chini kwenda juu ni huu: zege lenye mteremko, tabaka la kuzuia maji, karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia mizizi, tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja, ndipo udongo. Karatasi ile ya kuzuia mizizi iunganishwe kwa kuyeyushwa kwa joto. Kupishanisha kingo tu hakutoshi, mzizi utapata njia.

Kabla udongo haujapanda juu, ziba matundu na ujaze maji sentimita tano kwa siku moja au mbili, kisha shuka ukaangalie dari ya chini. (Hizo ni kilo 50 kwa mita ya mraba, mhandisi ajue.) Watu huliruka jaribio hili kwa sababu ya haraka. Kuvuja kukigunduliwa baada ya tani 10 za udongo kuwekwa, huna namna ila kuzitoa zote kwa ndoo. Najua ninachokisema.

Vyungu viinue kidogo kwenye miguu, sentimita tatu hivi, ili maji yapite chini na uweze kuona kinachoendelea. Mzizi ukitokeza kwenye tundu, ukate.

Kuna adui mmoja ambaye hukumpanda. Ndege huacha mbegu za mikuyu na jamii yake kwenye nyufa za kuta na mifereji ya paa. Kamche ka urefu wa kidole unakang'oa kwa vidole viwili. Baada ya miaka mitatu utaita mafundi.

Nimwagilie mara ngapi?

Tufanye hesabu badala ya kubahatisha. Siku ya jua la kawaida, mti hupoteza maji kama milimita 5 kwa eneo la kivuli chake, na milimita moja kwenye mita ya mraba ni lita moja. Mti wenye kichwa cha upana wa mita moja una kivuli cha mita ya mraba 0.8 hivi, kwa hiyo utakunywa lita 4 kwa siku. Wenye upana wa mita moja na nusu utakunywa karibu 9. Chungu cha lita 50 huwa na maji yanayoweza kunyweka na mizizi lita 10 hadi 15 tu. Toa mwenyewe. Upepo ukivuma, ongeza.

Kwa hiyo majira ya joto ni kila siku, asubuhi mapema, hadi maji yatokeze chini. Majira ya ubaridi au ya mvua, chomeka kidole hadi kifundo cha pili: pakiwa pabichi, ondoka. Mti mwingi wa paani hufa kwa kiu, lakini ile inayopewa vikombe viwili vya maji kila jioni hufa polepole zaidi, kwa sababu maji yanaishia juu na mizizi ya chini inakauka huku udongo wa juu ukionekana mbichi.

Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu au juu ya udongo, hiyo ni chumvi ya maji na mbolea. Mara moja kila mwezi au miwili, mwagilia maji mengi, mara mbili ya ujazo wa chungu ukiweza, ili ioshwe itoke.

Nimefunga mfumo wa matone kutoka kwenye tangi la paani, lakini hautoi kitu. Kwa nini?

Presha. Tangi lililo juu ya paa lina nguvu kubwa kwa mtu wa ghorofa ya kwanza, si kwa mti uliosimama pembeni yake. Kila mita 10 za kimo cha maji ndizo hutoa presha ya angahewa moja. Tangi lililoinuliwa mita moja linakupa sehemu moja ya kumi, na vidondoshi vingi vya dukani hutaka zaidi ya mara tano ya hiyo. Tafuta vile vilivyotengenezwa kwa mfumo wa mteremko, au funga pampu ndogo. Weka na chujio, maana uchafu wa tangi huziba vitundu ndani ya wiki chache.

Na saa ya kufungulia maji isikufanye usipande juu. Betri huisha siku uliyosafiri.

Upepo unanitisha. Mti hautaanguka?

Una haki ya kutishika. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa nguvu inayolingana na kilo 25 hivi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne. Majani hujikunja na kuuachia upepo upite, hivyo mti haupokei zote hizo, lakini chungu chepesi kinatosha kupinduka. Hapa ndipo pana mvutano wa kazi hii nzima: paa linataka mti uwe mwepesi, upepo unautaka uwe mzito.

Njia ya katikati ni chombo kipana na kifupi, vyombo kadhaa vilivyofungwa pamoja viwe kama jahazi moja, na kichwa cha mti kilichopunguzwa matawi ya ndani ili upepo upenye. Usikate kilele tu. Mti utajibu kwa kutoa machipukizi mengi yaliyosongamana na kuwa tanga. Kamba zifungwe chini, kama theluthi ya kimo cha shina, na ziwe na ulegevu kidogo, kwa kuwa shina linalotikiswa hunenepa na lililobanwa kabisa hubaki legelege. Kwenye vitalu, mizizi hufungwa kwa mikanda kwenye wavu wa chuma uliolazwa chini ya udongo, ili uzito wa udongo wenyewe uwe nanga. Bosco Verticale walijaribu miti kwenye chumba cha upepo kabla ya kuipandisha, na leo wapogoaji wao hushuka kwa kamba kutoka juu kama wapanda milima.

Usitoboe zege kutafuta pa kufunga kamba. Umetoboa tabaka la kuzuia maji.

Na mti usiusogeze kwenye ukingo. Tawi na tunda vianguke ndani, na mtoto asipate ngazi ya kukwea ukuta wa kinga.

Majani yamekauka kingo wakati namwagilia kila siku.

Gusa chungu upande wa jua saa nane mchana. Kama mkono haukai, mizizi iliyogusa upande huo imeshaungua. Ya miti mingi huanza kuumia joto la udongo likipita nyuzi 40 hivi. Chungu cheusi cha plastiki ndicho kibaya zaidi. Kipake rangi nyeupe, kitumbukize ndani ya kingine kikubwa na uache nafasi ya hewa katikati, au panga mimea mifupi upande wa jua ikitie kivuli. Kama si joto, basi rudi kwenye jibu la chumvi. Kama vyote viwili sivyo, tazama kiyoyozi cha jirani kinapulizia wapi.

Kwenye nchi za barafu kisa ni kinyume: mizizi ya chunguni huganda mapema kuliko ya ardhini, na haivumilii baridi kama matawi yanavyovumilia. Visogeze vyungu pamoja penye kinga na uvivike.

Wadudu hufika huko juu?

Hufika. Utitiri hupenda joto kavu kama la paani. Ukiona vumbi la manjano na utando mwembamba chini ya jani, pulizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani siku kadhaa mfululizo. Vidung'ata na wadudu magamba wasugue kwa maji ya sabuni. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, usiwalaumu bure: wanafuata utamu unaotolewa na vidukari, kwa hiyo tafuta hao.

Mbu pia. Visahani chini ya vyungu vimwagwe kila wiki, au uviondoe kabisa.

Maua yapo, matunda hayapo.

Upepo huwazuia nyuki. Chukua brashi laini upitishe ua hadi ua asubuhi. Kama ni mtufaha, huenda unahitaji wa aina nyingine karibu nao. Ndimu, komamanga na pera kwa kawaida hujitosheleza.

Chumba cha chini kitapoa?

Kivuli kitasaidia palepale kilipoanguka, zege halitachemka kama zamani. Na mti unapopumua maji hula joto: lita moja ikigeuka mvuke huchukua nishati ya karibu uniti 0.68 za umeme. Mti unaokunywa lita 10 kwa siku unameza kama uniti 7. Nyingi ya hiyo hutolewa kwenye hewa inayouzunguka, si dari ya chumba chako, kwa hiyo wanaoahidi kwamba utazima kiyoyozi kwa vyungu vitatu wanakuuzia vyungu. Ila kuketi chini yake saa kumi jioni ni habari nyingine kabisa.

Nahitaji ruhusa?

Kama paa ni la wote, ndiyo, na kwa maandishi. Siku maji yatakapovuja kwa wa chini, hata kama ni bomba lililopasuka, mti wako ndio utakaoshtakiwa kwanza. Piga picha za dari na zege kabla ya kuanza.

Utaishi miaka mingapi?

Chunguni, miaka 15 au 20 si ajabu, kwa sharti la kazi moja ambayo wengi hawaijui: kila mwaka wa tatu au wa nne, mti unachomolewa, theluthi ya mizizi ya nje inakatwa kwa msumeno, udongo mpya unawekwa, na matawi yanapunguzwa kwa kiasi hichohicho ili mizizi iliyobaki iweze kuyalisha. Fanya mti ukiwa umelala, kabla ya kuchipua, usiwe na matunda. Mara ya kwanza mkono utasita. Mwezi wa pili baada ya hapo utaona vichipukizi.

Siku ya kuutoa nayo ipangie mapema. Mti uliopanda kwa lifti ukiwa mche hautashuka kwa lifti. Anza na matawi, yafunge mafungu, kisha shina kwa vipande vya urefu wa mkono, kisha udongo kwa ndoo nusunusu, na kisiki mwisho, kikishakauka siku chache na kupungua uzito. Vyote vipite ngazini. Hata jani usitupe kwa chini.